Twiga Atangoja, Mwache Mtoto Atazame Sisimizi

Wako wazazi wanaodhani kuwa kumpeleka mtoto kutazama wanyama ni kama kumpeleka kuchanjwa: jambo la kumalizwa upesi, watu warudi nyumbani. Nenda siku ya sikukuu katika kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964, utawaona. Mtoto wa miaka 2, aliyeacha kusimama dede juzi tu, hukokotwa kwa mkono kutoka kwa simba hadi kwa nyani, na kila anapochutama atazame kitu chake huinuliwa. "Tazama simba! Tazama simba!" Maskini, yeye simba hamwoni, anaona magoti ya watu. Jioni baba hujisifu kwamba mwanawe ameona wanyama wote. Mimi nasema ameona mgongo wa baba yake.

Jambo hili si dogo, ndugu msomaji, nami nimeazimia kulisema kwa mfano wa Eldas, huko Wajir, mahali pasipo bustani ya wanyama. Mtu wa Eldas akitaka kumwonyesha mjukuu wake wanyama waliotunzwa kwa makusudi, yampasa apite Wajir mjini, kisha ashike njia ya kusini zaidi ya kilomita 300 hadi Garissa, ambako wanakijiji wa Bour-Algi wanawalinda twiga. Hapo hapana vizimba. Twiga hutembea wapendavyo kati ya migunga, pamoja na digidigi na swala twiga, yule ambaye Wazungu humwita gerenuk kwa kuliazima jina lake la Kisomali, garanuug. Mtu aliyesafiri mwendo wote huo, vumbi limemjaa masikioni, ana haki ya kutaka mtoto amwone twiga. Haki hiyo siipingi. Ninachopinga ni haraka.

Hebu tupime mambo kwa kimo cha mtoto. Twiga mzima huweza kupita mita 5. Mguu wake peke yake hukaribia mita 2, yaani humshinda baba mtu kwa urefu. Mtoto wa miaka 2 hajafika hata mita 1. Basi unapomwambia atazame twiga, yeye huona nguzo nne tu. Kichwa kiko juu huko pamoja na mawingu. Lakini chini, penye macho yake, pana dunia nzima: kinyesi cha twiga kilichoviringana kama kokwa, alama ya kwato mchangani, mwiba wa mgunga, na safu ya sisimizi waliobeba mbegu. Akichutama hapo robo saa hajapoteza wakati. Anasoma ukurasa ulio mbele yake.

Sisi tuliosomeshwa chuoni tulianza na alifu kwa kijiti. Hakuna mwalimu aliyempa mtoto msahafu mzima siku ya kwanza. Alipewa ubao, akaandikiwa herufi, wala hakuondolewa hapo mpaka ameishika. Na tulipoendelea tuliona kwamba mna sura iliyopewa jina la mdudu chungu, na nyingine ya nyuki, na nyingine ya buibui. Ndovu naye anayo yake. Twiga hana. Sisemi kuwa twiga amedharauliwa. Nasema amdharauye sisimizi hajasoma. Tena yamo katika mapokeo masimulizi ya Mtume kumwuliza mtoto mdogo habari za kijindege chake alichokuwa akicheza nacho. Mwenye umma mzima wa kuuongoza alipata wasaa wa kuulizia kijindege. Sisi wenye miadi ya kuwahi matatu twaukosa.

Wafugaji wa Eldas hawana haja ya kufundishwa haya. Mfugaji anapohama haupimi mwendo kwa ngamia dume mwenye nguvu. Huupima kwa ndama. Aliyezaliwa jana hungojwa au hubebwa, wala hapana amwitaye mvivu. Nilipata kumwona pale Bour-Algi mzee mmoja wa kutoka pande hizo na mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameketi mchangani kando ya kinyesi cha twiga, hataki kubanduka, na wenzao walikwisha tangulia wakiita. Mzee hakumwinua. Alichutama naye, bakora juu ya magoti, akawa anamtajia vitu kwa Kisomali, kimoja kimoja. Baada ya muda mrefu twiga akajitokeza mwenyewe kuja kula majani ya mgunga wa jirani. Mtoto akaanza kumtazama tangu kwato, akapandisha macho polepole, akapandisha, mpaka akaanguka chali. Hapo alipolala akasema, "Geri." Ndilo jina la twiga kwa Kisomali.

Wapo watakaosema: nauli ni ghali, gari linaondoka, na wakubwa wake nao wanataka kuona. Kweli. Watasema pia kuwa samaki mkunje angali mbichi, na mtoto akiachiwa kuongoza atapotoka. Hilo nalo lina ukweli wake, ila kumkunja samaki si kumvunja. Mtoto awekewe mipaka: asimkaribie mnyama, asirushe mawe, asimlishe kitu. Ndani ya mipaka hiyo aongoze yeye. Na wale wakubwa wake waende mbele na mtu mwingine. Nauli iliyolipwa haipotei kwa kuona mnyama mmoja vizuri. Hupotea kwa kuona 20 bila kumkumbuka hata mmoja.

Tena liko jambo zito zaidi. Machi 2020 ilitangazwa kwamba twiga mweupe jike pamoja na mwanawe wameuawa na majangili katika hifadhi ya Ishaqbini, huko Ijara, Garissa. Mwishoni mwa 2021, ukame ulipokaza, picha ya twiga 6 waliokufa Sabuli, Wajir, ilizunguka dunia: walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, wakanasa katika matope ya bwawa lililokuwa likikauka. Ukame hatuwezi kuufukuza kwa makala ya gazeti. Lakini mkono wa jangili nao ulikuwa mkono wa mtoto zamani. Katika nchi ambayo twiga na ngamia hugombea majani yale yale na maji yale yale, askari na sheria peke yao hawatoshi. Twiga atasalia pale tu penye watu wanaoona kwamba asipokuwapo kuna kitu kimepungua kwao. Moyo huo haupandwi kwa kumkokota mtoto mkono.

Basi shauri langu kwa wazazi, na kwa walimu wa chekechea wanaowapanga watoto foleni, ni hili. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawaka. Chukueni maji. Chagueni mnyama mmoja, na saa iacheni mfukoni. Mtoto akisimama, simameni, akichutama, chutameni. Na mkirudi mkaulizwa mmeona nini, msione haya kujibu: tumeona sisimizi, kinyesi, na nusu ya twiga. Nusu iliyobaki ataitafuta mwenyewe akikua, na aitafutaye hatapenda kuikuta imeuawa.