Sikio la Mtoto, Sikio la Bibi



Mtoto wa Kiislamu azaliwapo, mlango wa kwanza kubishwa ni sikio: baba huinama, akaadhini. Walakini, ni wangapi miongoni mwetu waliorudi baada ya mwezi kuuliza iwapo mlango ule uko wazi?

Swali hili tuliulizwa mjini Nakuru, tulipowazuru jamaa zetu wa mtaa wa Bondeni, na dada yetu mmoja ambaye kazi yake ni kupima usikivu. Kazi hiyo imempa jicho ambalo wengi wetu hatuna. Sisi tukipita stendi ya matatu twaona msongamano tu. Yeye humwona utingo aliyeegemea spika kutwa, akamhesabia saa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa sikio lahimili sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, saa nne tu, na ikifika 100, dakika 20. Utingo yule pengine huzimaliza zake kabla ya adhuhuri ya Jumatatu.

Lakini yaliyomuumiza zaidi si ya barabarani. Alitusimulia habari za binti wa miaka minane aliyechapwa chuoni miaka miwili kwa “ukaidi”. Maalimu husoma akiwa amelipa darasa mgongo, akiandika ubaoni. Wenzake hukariri, yeye hunyamaza au hutamka herufi nyingine. Sin humponyoka, na tha vilevile, kwa kuwa sauti zake ni hafifu. Alipopimwa, ikabainika kuwa masikio yote mawili yalikuwa na usaha wa siku nyingi. Twasema bila kupepesa: binti yule alidhulumiwa, na udhuru wa kutojua haumrudishii miaka yake.

Usaha wa sikio si jambo la utotoni litakaloisha lenyewe. Huweza kutoboa kiwambo cha sikio. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na njiti ya kibiriti havitibu, bali hudhuru. Hata nta ya sikio Mola ameiweka iwe kinga, na kijiti cha pamba huisukuma ndani zaidi. Shirika hilohilo lasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu ziwezazo kuzuiwa, yakiwemo maradhi yenye chanjo kama surua na rubela. Basi mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, au wa mwaka mmoja asiyebwabwaja, apelekwe hospitali. Asingojewe kwa kuambiwa “hata mjomba wake alichelewa kusema”.

Na bibi je? Huketi barazani akicheka nyuma ya wenzake, nasi tukadhani amezama katika dhikri. Yule dada humtazama mara moja akajua: hasikii, na amechoka kuuliza “umesemaje?” Kumpigia ukelele hakumfai. Mkaribie, mkabili, sema taratibu, televisheni izimwe kwanza. Akinunuliwa kifaa cha kusikilizia, msishangae akikitia kabatini baada ya siku tatu. Sufuria, feni na watoto humvamia kwa pamoja. Chahitaji majuma kadhaa ya kuzoeleka, na kurudishwa kwa mtaalamu kikarekebishwe.

Wapo pia wasiosikia kabisa, ambao lugha yao ni ya ishara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Misikiti mingapi ina mtu wa kuwafasiria hutuba ya Ijumaa?

Kwa ustadhati zetu tuna ombi moja. Katika darsa ya wanawake peke yao, pasipo mwanamume ajinabi, ufunueni uso. Asiyesikia vyema husoma midomo, na nikabu humfungia kitabu. Aketi mstari wa mbele, dirisha likiwa nyuma yake, ili mwanga uangukie uso wa mwalimu.