Motokaa Inayolia Alfajiri Tu

Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapotanda Uthiru hata mtu asiweze kuona taa za Waiyaki Way, sisi wa mtaa huu hatuamshwi na jogoo, bali na motokaa. Mwaka jana moja ilitusumbua sana. Ilikuwa pikapu ya mzee jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe, ambayo huitumia kupeleka maziwa na kuleta majani ya malisho. Kila alfajiri alipoiwasha ililia kwa sauti nyembamba, kama nguruwe aliyeshikwa mguu, kadiri ya dakika moja. Kisha ikanyamaza, wala haikulia tena mpaka kesho yake.

Taabu ya mlio wa namna hiyo ni kwamba haufiki kwa fundi. Mzee alipofika karakana injini ilikuwa imekwisha kupata moto, na fundi akasema hasikii kitu. Mara ya pili fundi akabadili mkanda. Kelele ikakoma kwa muda wa majuma mawili, ikarudi. Mara ya tatu akakata shauri kwamba altaneta imeharibika, yafaa inunuliwe nyingine. Jioni ile mzee akaja kwangu akaniambia, "Mwanangu, mnunuzi wa mtamba wangu nimekwisha kumpata. Lakini kabla sijamtoa, njoo unitazamie."

Mimi kazi yangu ni faili, si spana. Lakini sauti inayokuja na kwenda ina saa zake, na mwenye gari huzijua saa hizo kuliko fundi yeyote. Basi nikamwuliza mzee: Je, hulia likiwa baridi tu? Akasema ndiyo. Na ukikata usukani hata mwisho wake? Akasema, asubuhi hulia zaidi hapo langoni anapokata kona. Na ukiwasha taa kubwa? Vivyo hivyo.

Majibu hayo yalinifaa sana, na sababu yake ni hii. Betri hutoa nguvu nyingi kuamsha injini, na mara injini inapowaka altaneta huanza kuijaza tena. Wakati huo huwa nzito kuzungushwa. Taa zikiwashwa huongeza uzito huo, na usukani ukikatwa pampu yake nayo huwa nzito. Mkanda uliolegea, au uliolowa, hushindwa kuuvuta mzigo huo. Huteleza juu ya puli, na mpira unaoteleza juu ya chuma hulia. Ndiyo maana watu huishitaki altaneta, ambayo mara nyingi haina kosa. Swali lililobaki ni kwa nini mkanda mpya uteleze.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu tulifungua boneti, gari likiwa nje uwanjani, maana moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa huua watu. (Nanyi makarani wenzangu, vueni tai kabla ya kuinamia mkanda unaokwenda!) Injini ikawashwa, ikalia. Nikanyunyiza maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, nikijihadhari yasiingie katika altaneta. Kama mlio ungalitulia kwa nukta chache na kurudi, ningalidhani puli hazikukaa katika mstari mmoja. Lakini ulizidi ukali. Hiyo ni dalili ya kuteleza.

Tukazima injini. Nikabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukashuka kadiri ya sentimita 1, na kwa gari la namna ile ni sawa. Basi haukulegea. Tukautoa, tukawasha injini bila mkanda kwa muda mfupi sana, kwa kuwa pasipo mkanda maji hayazunguki. Kimya! Kwa hiyo mlio haukutoka katika tumbo la injini. Tukazima tena, nikazungusha kila puli kwa mkono. Ile ya altaneta ilizunguka laini, bila kukwaruza. Puli ya pampu ya maji nilipoitikisa ilicheza huku na huku kama jino la mtoto, na chini yake, penye kitundu kidogo, palikuwa na ukoko mwekundu wa maji ya rejeta yaliyokauka.

Hapo mambo yote yakafahamika. Beringi ya pampu ilikuwa imelika, na maji yalivuja usiku matone machache, yakaulowesha mkanda. Alfajiri mkanda uliteleza na kulia. Joto la injini likaukausha, ukanyamaza. Mkanda mpya nao ulikaa kimya majuma mawili tu, mpaka ulipolowa vya kutosha. Kama mzee angalinunua altaneta, kelele ingaliendelea, na siku moja beringi ile ingalikwama na kuukata mkanda akiwa na mzigo kwenye mlima, na injini isiyopozwa huharibika kwa dakika chache.

Wengine hupaka mkanda sabuni ili unyamaze. Ni sawa na kumziba mlinzi mdomo. Tena msidanganyike kwa kutazama nyufa: mikanda ya zamani ilipasuka ilipochakaa, lakini ile ya mpira wa EPDM, iliyoenea tangu miaka ya 1990, hulika mifereji yake polepole kama soli ya kiatu, na kwa macho huonekana mizima. Na katika magari mengine pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa ndani, uliofunikwa. Huko uchunguzi wetu wa uwanjani haufiki, shurti fundi afungue.

Mzee alichukua pampu mbovu mkononi akaenda nayo Kirinyaga Road, apate kulinganisha matundu ya skrubu kabla ya kulipa. Fundi yule yule aliifunga, naye alipoonyeshwa ule ukoko hakubisha. Mtamba alibaki zizini. Ila mkanda wa miezi miwili ilibidi utupwe, kwa kuwa ulikuwa umelowa maji ya rejeta, na mpaka leo mzee akinipita njiani huniuliza nani atamlipa mkanda wake.