Dada wa Mkonze ana GPA ya 4.0, katangaza daraja la kwanza: hesabu inakataa, na matapeli washanusa

Jina kapuni, ila wanachuo wenzake wanamjua. Ni dada wa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha Dodoma, anaishi Mkonze kwa shangazi yake, na kila asubuhi anagombania daladala ya mjini kama wengine wote. Wiki iliyopita kaposti picha akiwa ndani ya joho la kuazima, chini kaandika kwamba daraja la kwanza linakuja, wenye wivu wajipange. Likes zikamiminika. Shangazi mtu, muuza zabibu, naye kashaanza kuwatangazia majirani kuwa mtoto wao anatoka na cheti cha juu kabisa.

Shida ni moja tu. Dada kamaliza mwaka wa pili na GPA ya 4.0.

Na 4.0 si mchezo, ipigiwe makofi. Lakini daraja la kwanza kwa vyuo vya Bongo vinavyotumia mizani ya 5 linaanzia 4.4, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Kilichomponza ni ushauri wa kaka mmoja aliyehitimu zamani, aliyemwambia mwaka wa tatu ndio unaobeba kila kitu. Juu yake akaongeza programu ya simu ya kukokotoa matokeo, iliyotengenezwa Uingereza. Huko, vyuo vingi havihesabu mwaka wa kwanza kwenye daraja la mwisho, na mwaka wa mwisho hupewa uzito mkubwa. Mtu anaweza kulala mwanzoni akaamka mwishoni. Huku hakuna huruma hiyo. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi za kila kozi zinazidishwa kwa krediti zake, zinajumlishwa zote toka semista ya kwanza, kisha zinagawanywa kwa jumla ya krediti. Krediti ya mwaka wa kwanza ina uzito uleule wa krediti ya mwaka wa tatu.

Haya, kalamu mezani. Digrii ya miaka mitatu chukulia ina krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Kupata 4.4 zinatakiwa pointi 1,584. Dada wa Mkonze ana krediti 240 mara 4.0, sawa na 960. Bado 624. Sasa mwaka mzima wa A tupu, bila hata B+ moja, unatoa 600. Akipiga msuli mpaka alfajiri, akachukua A hata kwa yule mwalimu anayesifika kwa kubana, anatoka na 4.33, inayoandikwa 4.3. Zile pointi 24 hazipo popote.

Wanaotaka njia ya mkato wachukue 13.2, watoe GPA ya miaka miwili mara mbili. Jibu ndilo wastani wanaoutaka mwaka wa tatu. Mwenye 4.3 anahitaji 4.6. Mwenye 4.2 anahitaji 4.8: kama mwaka una kozi 12 za krediti 10, anaruhusiwa B+ mbili tu, na B moja inazimeza zote mbili. Mwenye 4.1 kamili anahitaji A kila kozi. Chini ya hapo mlango umefungwa. Na kwa kuwa kuna vyuo vinavyokata desimali bila kupandisha, 4.39 inabaki 4.3. Ndiyo maana inafaa kuhesabu kwa pointi zenyewe, si kwa namba fupi iliyoandikwa kwenye matokeo.

Mpaka hapa ni kichekesho cha mtandaoni. Kinachotisha ni waliomfuata inboksi baada ya ile posti. Wa kwanza kamwambia ana "mtu wake" wa kupandisha alama, alete nusu ya bumu kwanza. Wa pili, mtu mzima mwenye cheo chake, kamwambia daraja la kwanza linazungumzika, waonane jioni wapange.

Hili si jambo la kufumbia macho. TAKUKURU walifanya utafiti wa rushwa ya ngono kwenye elimu ya juu, wakaangalia UDSM na UDOM, na matokeo yakatolewa 2020. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo waziwazi. Lakini kabla ya sheria kuna silaha ya bei rahisi zaidi, nayo ni hesabu ileile ya juu. Anayejua kwamba hata A kila kozi hazimfikishi 4.4 anajua pia kwamba anayemuuzia 4.4 anauza hewa. Asiyejua atatoa bumu, au atatoa utu wake, na mwisho wa siku karatasi itasoma 4.3 au pungufu.

Na tuache kudharau hiyo 4.3. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na matangazo mengi ya kazi ya ualimu msaidizi wa vyuo yameomba kuanzia 3.8. Huyu dada yuko ndani ya mstari huo tayari! Mwaka huu kazi yake ni kuulinda, siyo kukimbiza kivuli.

Wa kwanza kuisoma hii wawe wale wa mwaka wa kwanza, wanaochukulia kozi za stadi za mawasiliano kama mapumziko. B ya huko ndiyo itakayowaliza miaka miwili mbele. Pale ambapo A inaanzia 70 na kazi za darasani zina alama 40, mwenye 28 anahitaji 42 kati ya 60 kwenye mtihani wa mwisho. Hiyo inawezekana, ila ihesabiwe sasa.

Shangazi naye aambiwe ukweli mapema, kabla hajachangisha ukoo mzima kwa ajili ya sherehe. Zabibu zake zimesomesha mtoto mwenye 4.0. Hilo peke yake ni la kupigia vigelegele pale Mkonze.

Wadau mnasemaje, dada aifute ile posti au aiache?