Mkulima Naye Apange Siku za Mazoezi

Wako wanaosema kwamba mazoezi ni ya watu wa mjini. Wanasema mkulima ameshachoka na jembe. Mazoezi ya nini tena? Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Kulima, kuteka maji na kukata kuni ni mazoezi. Lakini kazi ya shamba ina msimu wake. Wakati wa palizi tunafanya kazi mpaka mgongo unauma. Baada ya mavuno wengi wetu tunakaa tu. Na wazee wetu je? Wao wameacha jembe. Wanakaa mkekani kutwa, na miguu inapungua nguvu. Siku moja mzee anajikwaa akienda chooni. Anaanguka na kuvunjika nyonga. Hospitali iko mbali. Huenda asitembee tena.

Kwa hiyo kila nyumba ipange mazoezi ya wiki, kama inavyopanga kazi ya shamba. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Pia afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya kusimama imara, siku 3 au zaidi.

Unaweza kupanga hivi:

Jumatatu hadi Ijumaa: Tembea haraka dakika 30. Kama umelima siku hiyo, umetimiza.

Jumanne na Alhamisi: Kaa kitini, simama bila kushika kitu, kaa tena. Fanya mara 10. Pumzika, kisha rudia.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: Fanya taichi dakika 15.

Taichi ni nini? Ni mazoezi ya polepole kutoka China. Zamani yalikuwa mafunzo ya kupigana. Leo wazee wengi wa China huyafanya asubuhi ili kulinda afya. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mtindo mfupi wa miondoko 24, ili watu wengi wajifunze kwa urahisi. Uchunguzi umeonyesha kwamba taichi hupunguza kuanguka kwa wazee. Nayo haihitaji uwanja wala fedha.

Anza na msingi wake. Simama karibu na ukuta. Tanua miguu kama upana wa mabega. Kunja magoti kidogo. Hamishia uzito wa mwili mguu wa kushoto, polepole, ukihesabu mpaka 4. Kisha mguu wa kulia. Halafu inua mikono mpaka mabegani ukivuta pumzi. Ishushe ukitoa pumzi. Usiharakishe.

Mzee asifanye peke yake. Mtoto au mjukuu asimame karibu. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone kwanza mhudumu wa afya. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha mara moja na uende zahanati.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Andika ratiba yako kwenye karatasi na uibandike ukutani. Msomee na mzee wa nyumbani kwako. Muanze pamoja Jumatatu ijayo.