Utaratibu Mmoja, Nakala Tatu

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, tena mlangoni pa chumba cha mtihani. Ofisi ya fedha ya chuo kimoja katika eneo hili la Nakuru ilikuwa imekwisha kukiri kwamba sidaiwi hata shilingi. Orodha ya mitihani ikashikilia kwamba nadaiwa. Nilikwenda mjini mara mbili kutafuta muhuri wa benki, na muhuri haukusaidia.

Fundi wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho. Chuo kilikuwa na hifadhidata tatu: ya fedha, ya mitihani na ya malazi. Katika kila moja mlikuwa na utaratibu uliohifadhiwa, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja, yakapewa jina na kuwekwa humo ili programu yoyote iyaite. Utaratibu wa kukokotoa karo ulikuwa umenakiliwa mara tatu. Kanuni ya kuhesabu mikopo ya HELB ilipobadilika, nakala ya fedha pekee ndiyo iliyorekebishwa.

Wapo wanaopendekeza utaratibu ukae katika hifadhidata moja, nyingine ziuite kutoka huko. Katika SQL Server jambo hili ni jepesi. Hutanguliza tu jina la hifadhidata husika. Katika PostgreSQL haliwezekani bila kiungo cha ziada. Isitoshe, hifadhidata hiyo ikizimika, zote hukwama. Kwa maoni yangu, matini asilia na yakae nje ya hifadhidata zote, mahali pamoja panapotunza historia ya kila badiliko, yawe na msimamizi mmoja, kisha yasambazwe kwa zote siku ile ile. Utaratibu unaohusu malazi peke yake na ubaki kwenye malazi.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Nakala zile zilikuwa na majina matatu: moja lilitaja salio, jingine deni, la tatu lilikuwa vifupisho visivyosomeka. Nani angetambua kuwa ni ndugu? Lugha yetu ilisanifishwa kwa msingi wa Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na bado chombo kimoja tunakiita tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Tunaijua adha hii kuliko wahandisi. Idara za Kiswahili na kompyuta zingeketi pamoja zikatunga orodha moja ya majina kabla ya mstari wowote kuandikwa.

Nakala ya mitihani ilisahihishwa jioni ile. Ya malazi ilikuwa bado nilipohitimu.