Picha za Kazini: Nunua Mwanga Kwanza

Msomaji, ukibahatika kupewa kazi ya kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi katika kiwanda cha Thika au ofisi ya Ruiru, usikimbilie kukopa pesa za kamera ghali. Nunua taa.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni hili: mfanyakazi husimamishwa mbele ya ukuta mweupe na kamera huachwa ijipimie mwanga. Kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso wa Mwafrika ukawa kivuli. Bawabu atamjuaje langoni? Wala ngozi haina lawama. Kwa miaka mingi, kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kusawazishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, hadi miaka ya 1990 ndipo watu weusi wakaongezwa.

Flashi moja yatosha, lakini isikae juu ya kamera. Iweke kando, juu kidogo ya macho, kama nyuzi 45 hivi, ipitie kwenye mwavuli mweupe. Upande wa pili weka kadibodi nyeupe irudishe mwanga. Msogeze mtu mita mbili kutoka ukutani, kivuli kisimfuate. Zima zile taa ndefu za dari, kwani nyingi huipa ngozi ukijani. Lensi pana nayo iache nyumbani. Ukimkaribia mtu nayo humvimbisha pua, na hatakusamehe.

Beba betri za akiba. Stima ikipotea, wafanyakazi wa zamu hawatakungojea.