Bilqis na Mlango Uliochelewa Kufunguka



Wasomaji wapenzi, kina mama na mabinti, jina Bilqis si geni majumbani mwetu. Ndilo jina ambalo wafasiri wamelitaja kuwa la Malkia wa Sabaa, yule ambaye kisa chake kimo katika Surat An-Naml. Wiki hii nataka kuwasimulia habari za Bilqis mwingine, wa zama zetu, ambaye naye alifikishwa mahali pa kuchagua baina ya utukufu wa dunia na kumtii Mola wake.

Huyu ni Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1990 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, katika nyumba ya Kiislamu yenye watoto wengi, yeye akiwa kitinda mimba. Mji huo ndiko mpira wa kikapu ulikobuniwa mwaka 1891 na mwalimu aitwaye James Naismith. Basi si ajabu kwamba mtoto huyu alikua na mpira mkononi.

Alipobaleghe na kuingia sekondari, aliamua kujisitiri. Akawa anaingia uwanjani na mtandio kichwani, mikono imefunikwa hadi kwenye vifundo na miguu imefunikwa chini ya bukta ya timu. Msichana wa kimo kifupi, asiyefika futi 5 na inchi 5, katikati ya wenzake warefu, na vazi lisilofanana na la yeyote uwanjani. Yapo maneno aliyosikia kutoka kwa watazamaji ambayo mzazi hangependa mwanawe ayasikie. Naye akawajibu kwa kufunga vikapu. Alipomaliza shule mwaka 2009 alikuwa amekusanya pointi 3,070, na kuivunja rekodi ya wasichana wa jimbo lake iliyokuwa ya Rebecca Lobo, pointi 2,740. Lobo huyo si mtu mdogo: alikuwamo katika timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996.

Mwezi wa Ramadhani mwaka huo huo, Rais Barack Obama aliandaa futari katika Ikulu ya Marekani, na Bilqis akawa miongoni mwa wageni. Rais alimtaja kwa jina mbele ya mabalozi na wakubwa, akaisifu rekodi yake. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Memphis kwa ufadhili wa masomo. Goti liliumia, akaukosa msimu wake wa kwanza. Aliporejea akahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kucheza kwa hijabu katika daraja la juu la mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, na mwaka 2011 waandishi wa mchezo huo wakampa tuzo yao ya ujasiri. Akahitimu shahada yake, akahamia Chuo Kikuu cha Indiana State kusomea shahada ya uzamili katika ukocha, na katika msimu wake wa mwisho, 2013 hadi 2014, akawa mmoja wa wachezaji bora wa ligi yao.

Hapo ndipo wengi wetu tungependa hadithi iishe. Tungemalizia kwa kusema: tazameni, mabinti, alijisitiri na Mwenyezi Mungu akampandisha daraja. Lakini kisa hakiishi hapo.

Bilqis alitaka kwenda kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Akaelezwa kwamba kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, haziruhusu mchezaji kufunika kichwa. Avue, au asicheze. Kitambaa kile kile alichokichezea tangu sekondari hadi chuoni pasipo kumdhuru mtu, sasa kikawa ndicho kizuizi. Naye hakuwa peke yake. Septemba 2014, katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini, timu ya wanawake wa Qatar ilitakiwa ivue hijabu kabla ya mechi yake na Mongolia. Wakakataa, wakahesabiwa wameshindwa, wakajitoa mashindanoni.

Bilqis naye hakuvua. Wala hakukaa kimya: aliungana na wenzake kudai kanuni ibadilishwe. Mwezi Mei 2017 FIBA ikaamua kuruhusu vifuniko vya kichwa kwa masharti maalumu, na kanuni mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017. Mlango ukafunguka. Lakini miaka mitatu ilikuwa imepita, na kwa mchezaji miaka mitatu ya ujana ni mali isiyorudishwa. Ligi za kulipwa hakuzicheza.

Wahenga wetu walisema mvumilivu hula mbivu. Bilqis alivumilia, na mbivu wakala wengine. Tuseme nini hapo?

Nauliza kwa sababu tuna desturi moja katika malezi yetu. Tunawaahidi mabinti zetu dunia kuwa ndiyo bei ya utiifu. Vaa vizuri, utapata mume mwema. Swali, utapasi mtihani. Funga, biashara itakwenda. Yote yawezekana kwa rehema za Mola, lakini hakuna mahali tulipopewa dhamana kwamba malipo yatakuja katika sura tuliyoichagua sisi, wala kabla ya siku ya malipo yenyewe. Binti aliyelelewa kwa ahadi hizo, siku atakapojisitiri na kazi ikamkosa kwa sababu ya mtandio wake, atadhani amedanganywa. Na aliyemdanganya si dini. Ni sisi.

Wanavyuoni wamegawa subira mafungu matatu: subira ya kutekeleza amri, subira ya kujizuia na makatazo, na subira juu ya yanayotupata. Methali yetu inazungumzia matunda. Mafungu haya hayazungumzii matunda hata kidogo, yanazungumzia mja na Mola wake. Subira ya Bilqis haikupotea kwa kuwa hakucheza Ulaya, kwani hakuvaa hijabu ili acheze Ulaya.

Wala tusidhani lilikuwa jambo jepesi kwake. Amesimulia hadharani kwamba katika siku zile za kusubiri alifikia kujiuliza kama aivue, na kwamba imani yake ilitikisika. Maisha yake ya kipindi hicho yameonyeshwa katika filamu ya mwaka 2018 iitwayo Life Without Basketball. Namheshimu zaidi kwa kulisema hilo. Wako mabinti miongoni mwetu wenye swali hilo hilo kifuani, nao hawalisemi kwa kuogopa kukemewa. Mama, binti yako akikwambia amechoka na hijabu, usianze na ukali. Muulize kwanza ni nini kilichompata, shuleni au kazini. Huenda ni mzigo anaoubeba peke yake mwaka mzima, naye anatafuta mtu wa kumshikia upande mmoja.

Lipo na jingine la kuzingatia. Mlango wa Ulaya ulipofungwa, Bilqis hakubaki mikono mitupu, kwa sababu alikuwa amesoma. Uwanja ulimnyima, elimu ikampokea. Baadaye aliolewa, akahamia Kanada, akaingia katika kazi ya kufundisha michezo na kuwanoa wasichana wa Kiislamu. Basi anayemruhusu binti yake kuwa na kipaji, na ampe na elimu. Goti huumia, kanuni hubadilika, ujana hupita.

Najua yuko atakayeuliza, sheikh, mbona unamsifu mwanamke aliyecheza mbele ya hadhara? Wanavyuoni wetu wana maneno juu ya mwanamke kucheza wanapotazama wanaume ajinabi, na safu hii haikusudii kuyapindua. Ninachokisifu ni kwamba alipotakiwa achague, alichagua stara akijua gharama yake. Ama mazoezi yenyewe, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, mara ya kwanza Bi Aisha akamtangulia, na mara ya pili akatangulia Mtume. Hatuna udhuru sisi wa kuwafungia mabinti zetu ndani mpaka miili yao ikadhoofu, ilhali uwanja wa madrasa ukizungushiwa ukuta na kupangiwa saa zake watacheza kwa stara na salama. Kamati za misikiti na madrasa zilitafakari hili, nalo si la gharama kubwa.

Leo msichana wa Kiislamu akitaka kuingia kiwanja cha kimataifa na kichwa kimefunikwa, kanuni ya FIBA haimzuii. Pengine hamjui aliyekaa nje ya mlango ule miaka mitatu akiubisha. Hayo nayo ni malipo, ingawa hayakuandikwa kwenye ubao wa pointi: kuwa sababu ya kheri ambayo wengine wataifaidi baada yako.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awathibitishe mabinti zetu, na atujaalie sisi wazazi ulimi mpole na sikio lenye kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.